Kipoza maziwa changu kutoka jua kali ya Industrial Area, Nakuru

Mimi natengeneza yogati hapa Nakuru, lita 120 kwa siku, maziwa natoa Bahati na Njoro, na kitu imenisumbua miaka mitatu sio kuchemsha, ni kupoza. Maziwa ya yogati unayafikisha digrii 85 unayashikilia hapo nusu saa, halafu yashuke mpaka 43 hivi ndio uweke kalcha, yaani bakteria wa kugandisha yogati, ukiweka yakiwa moto sana unaua wale bakteria wote, sasa kama kazi yako ni sufuria ndani ya karai ya maji unakaa hapo masaa mawili unakoroga na kubadilisha maji mpaka mgongo unakataa. Kwa hivyo hii nimeandika nikiwa na furaha kweli, na ni ndefu, juu najua kuna mwenzangu mahali bado anakoroga.

Kabla ya hawa mafundi wa Industrial Area kuna fundi mwingine alinifungia koili ya kopa ndani ya tangi. Kopa inapitisha moto kushinda stenlesi zaidi ya mara 20, hapo hakunidanganya, lakini kopa na maziwa hazipatani kabisa, inafanya mafuta ya maziwa yaharibike haraka na unapata ile ladha ya kartoni, na wateja walinirudishia chupa. Tena koili imejikunja vile, utaingiza brashi wapi?

Hii karakana ya Industrial Area ni ndogo, ukipita haraka utadhani ni ya mageti tu. Kitu kilinishika ni kwamba fundi mkuu hakushika grainda wala hakutaja bei. Aliniuliza, mama, lita ngapi, yanatoka digrii ngapi yafike ngapi, kwa dakika ngapi, na maji yako ya mfereji yako digrii ngapi? Hiyo ya mwisho sikuwa najua, akanipea themomita nikaenda nikapima asubuhi na saa nane mchana siku tatu, ikawa inacheza 20. Ndio akakaa na kalamu. Sijawahi kuona fundi wa hapa anapiga hesabu ya moto kwenye karatasi mbele yangu, na kwangu mimi hiyo ndio sababu ya nyota tano.

Mimi nilikuwa nataka kipoza cha pleti, yaani mabati membamba yamepangwa pamoja, maziwa upande huu na maji upande ule, kama cha kampuni kubwa za maziwa. Akaniambia wazi hiyo hawezi. Pleti moja ni nyembamba, nusu milimita hivi, na inagongwa mistari kama mifupa ya samaki ndio maziwa yazunguke na pleti isijikunje, sasa kugonga hiyo kunataka presi kubwa ajabu na umbo lake la chuma la kugongea, yeye presi yake ni ya kukunja mabano. (Hiyo dizaini ni ya zamani kumbe, Richard Seligman wa kampuni ya APV kule Uingereza aliitoa 1923 kwa ajili ya maziwa haya haya.) Mtu angeweza kula pesa yangu hapo akaniletea takataka, yeye akakataa.

Alichotengeneza ni bomba ndani ya bomba. Ya ndani inchi moja, stenlesi 304, maziwa yanapita hapo, ya nje inchi moja na nusu, maji yanapita katikati ya hizo mbili, mapande manne ya mita tatu tatu yamepangwa kwa fremu ukutani, na kila mwisho kuna unioni, kiungo cha bomba unafungua kwa mkono unapitisha brashi ndefu moja kwa moja. Maji yanaingia pale maziwa yanatokea, yanaenda kinyume. Nikauliza kwa nini, akasema ukiyapitisha yote kuelekea upande mmoja maziwa hayawezi kutoka yakiwa baridi kuliko maji yanayotoka, lakini kinyume, maziwa yakiwa karibu kutoka yanakutana na maji mapya. Nilipima mwenyewe, maziwa yanatoka 43 na maji yanatoka 45! Lita 120 zinapita kwa nusu saa na maji hayafiki lita 200.

Tangi pia walinitengenezea, ile ya kuta mbili yenye maji ya moto katikati. Hapa kuna kitu watu wa Nakuru mnafaa mjue, huku kwetu tuko juu, mita 1,850 hivi, maji yanachemka 94 sio 100, kwa hivyo maziwa yakikaribia 85 tofauti iliyobaki ni digrii tisa tu na yanapanda polepole sana. Ndio maana alifanya ukuta wa maji ufike mpaka karibu na mdomo wa tangi na kuweka kikorogeo, nikaokoa gesi.

Na mashine ya kuviringisha bati wamejiundia wenyewe, rola tatu, gia zimetoka kwa gaboksi ya lori, wanauza pia kwa mafundi wengine. Nilisimama hapo nikaangalia bati ya geji 16, unene wa milimita moja na nusu hivi, ikigeuka mviringo. Ncha za bati rola hazizifikii, zinabaki zimenyooka, kwa hivyo wanazipinda kwanza kwa nyundo ya mbao, na wanapinda kupita kiasi kidogo juu stenlesi inarudi nyuma ukiiachilia. Mahali imeungana hata kidole hakisikii.

Makosa yapo. Waliniambia wiki mbili ikawa karibu nne, na simu nilikuwa napiga mimi. Na gasketi za kwanza kwa unioni zilikuwa raba nyeusi ya kawaida, maziwa ya moto yakapita yakatoka na harufu ya tairi, nikamwaga lita 20 za majaribio, hiyo iliniuma. Nilivyorudi walibadilisha zote wakaweka silikoni ya chakula bila kuniitisha kitu, lakini nasema ilifaa iwe hivyo kutoka mwanzo, kwa kazi ya maziwa hiyo haiulizwi.

Nililipa elfu 165 tangi na kipoza pamoja, nusu depositi, na kabla ya kumaliza deni walijaza maji kwa presha mbele yangu tukaiacha usiku mzima, asubuhi geji ya presha haikuwa imeshuka. Ukienda omba hiyo, na uende na themomita yako. Yale maji ya 45 nimeyaelekeza kwa dramu, ndio sasa naoshea kreti na mitungi, tenki ya kuchemshia maji ya kuosha nimeshaiuza.