Lubumbashi–Kolwezi kwa ndege: kilomita 239, lakini saa ngapi?

Mstari ulionyooka kutoka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, hadi uwanja wa Kolwezi, kusini-mashariki mwa Kongo (DRC), una kilomita 239 hivi. Vikokotoo kadhaa vya intaneti hugawanya umbali huo kwa mwendo wa jeti kubwa, kilomita 800 kwa saa, na kukupa dakika 18. Usipange siku yako kwa hesabu hiyo. Njia ni fupi mno: jeti ikimaliza kupanda, tayari inaanza kushuka. ATR 72, ndege ya abiria yenye propela mbili, huenda kama kilomita 500 kwa saa. Ukiongeza kupanda, kushuka na kuzunguka uwanjani, tangu mlango ufungwe hadi ufunguliwe ni dakika 45 hadi 50. Cessna Caravan, ndege ndogo ya propela moja yenye mwendo wa kilomita 340 hivi kwa saa, hukaribia saa nzima.

Kiangazi, upepo huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki, kwa hiyo kwenda Kolwezi, upande wa magharibi, unasukumwa, kurudi unapingwa. Ukiwa wa kilomita 30 kwa saa, Caravan huenda kwa dakika 39 angani na kurudi kwa 46. ATR hupoteza dakika tatu na ushei tu.

Kinachovuruga safari hii hasa ni joto na uzito. Uwanja wa Kolwezi uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Oktoba, joto likifika nyuzi 32, hewa huwa nyepesi kama ile ya mita 2,500: injini hupungua nguvu, mabawa hushika hewa kidogo, na ndege huhitaji njia ndefu zaidi ili kuruka. Rubani hana la kufanya ila kupunguza uzito, na bagaji ndizo hushushwa kwanza. Ndiyo maana abiria hufika leo na sanduku lake kesho. Lipime nyumbani, na dawa, hati na nguo za kubadilisha uzishike mkononi. Chagua ndege ya asubuhi; msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, mawingu ya radi hukusanyika baada ya saa sita mchana, na kuyazunguka au kuyasubiri hula muda.

Sasa linganisha na barabara ya Likasi na Fungurume, kilomita 300 hivi: saa tano nyuma ya malori ya madini, pamoja na vituo vya peaji, yaani vya kulipia barabara. Kwa ndege, weka dakika 40 za kufika Luano, saa mbili kabla ya kuruka, dakika 50 za safari, 30 za kungoja bagaji na 20 za kuingia mjini. Jumla ni saa nne na dakika 20. Unaokoa dakika 40. Ndege ikichelewa saa moja tu, gari limekupita.

Kwa hiyo ndege tunaipendekeza kwa mwenye begi la mkononi, hasa mtu asiyetaka kukutwa na giza barabarani. Mfanyabiashara mwenye makatoni apande gari, bila kusita. Kabla ya kulipa, uliza mambo mawili: ni ndege ya aina gani, na kama Go-Pass, ada ya uwanja wa ndege, imo ndani ya bei ya tiketi. Anayeunganisha kutoka Kinshasa akumbuke kwamba saa ya kule iko nyuma kwa saa moja, na tiketi huandikwa kwa saa ya kila uwanja.