Huduma iliyonikatia nyangumi

Nitangulize onyo: humu nimeeleza jinsi filamu zinavyoisha. Kama hujaiona Flow na una nia ya kuiona, ishia hapa, kaiangalie kwanza, na rimoti iwe mkononi. Utakuja kunielewa.

Nilikusudia kuandika maoni ya kawaida tu kuhusu filamu nilizoangalia karibuni, ipi nzuri, ipi ya kusinzilia. Lakini kila nikitaka kuisifu filamu, namkumbuka aliyeniuzia. Nazungumzia hii huduma ya filamu za mtandaoni ninayoilipia kila mwezi bila kuchelewa hata siku moja. Basi matusi kwanza, sifa zitapata nafasi zikipata.

Flow ni katuni ya mwaka 2024 kutoka Latvia, na niliianza kwa shingo upande. Binti yangu ndiye aliyeichagua, kisa na maana picha ya paka mweusi. Nikajua tunaingia kwenye yale ya wanyama wanaoimba na kutaniana. Wapi! Humo haongei mtu, wala mtu mwenyewe hayumo. Kuna mafuriko yaliyofunika nchi nzima, kuna mashua, na ndani yake wamejikuta paka, mbwa, kapibara, lemuri na ndege karani mwenye maringo. Paka ni paka: anaogopa maji, ananuna, anakunja mgongo. Sauti zao ni za wanyama wa kweli, isipokuwa kapibara. Sauti yake halisi haikumfaa, wakamwazimia ya mtoto wa ngamia. Nilipolijua hilo nilicheka peke yangu jikoni, maana lile zito, linalolala mashua ikienda mrama, sauti ya ngamia imelikaa kuliko yake.

Mwongozaji wake, Gints Zilbalodis, aliitengeneza kwa Blender, programu ya bure ambayo hata wewe unaweza kuipakua leo. Filamu yake iliyotangulia aliifanya peke yake kabisa. Hii sasa akawa na timu, ndogo ukiilinganisha na za studio kubwa, akaenda kuchukua Oscar ya katuni mwaka 2025 mbele ya Inside Out 2 na The Wild Robot. Nayataja haya kwa sababu filamu ya namna hii ukiiangalia mpaka mwisho unataka kuwajua waliohusika. Unataka majina. Shikilia hapo.

Sasa mwisho wenyewe. Katika safari nzima kuna nyangumi mkubwa ajabu anayeibuka mara kwa mara. Mwanzoni anamtisha paka, baadaye unamzoea, unafika mahali unamngojea. Kisha maji yanakupwa ghafla, nchi inarudi, na nyangumi anakutwa kakwama katikati ya msitu, nchi kavu, anahema. Paka anamsogelea. Anajisugua kwenye lile dude, taratibu, na jicho la nyangumi liko palepale. Wenzake wanafika, wote wanne wanainama kwenye kidimbwi wanajitazama majini. Giza.

Sebuleni kwetu hakuna aliyepumua. Binti kanishika mkono. Muziki unaanza, majina yanaanza kupanda, mimi natafuta aliyetunga ule muziki.

Ndipo picha ikasinyaa. Filamu nzima ikakimbilia kona ya juu ya skrini, ukubwa wa stempu, na chini yake likatokea tangazo: itaanza baada ya sekunde 5. Nne. Tatu. Rimoti iko wapi? Chini ya mto. Mbili. Nikabonyeza nisichokijua, na kabla sijakaa sawa skrini imejaa watu wazima waliovaa nguo za kuogelea, wanapigiana makelele kando ya bwawa kuhusu nani alilala chumba cha nani. Sauti juu, maana Flow ni ya kimya na tulikuwa tumeongeza.

"Mama, amekufa?"

Mtoto anauliza nyangumi, mimi nagombana na rimoti, na mle ndani dada mmoja analia kwamba hakuja kwenye kipindi kutafuta marafiki. Nikamjibu ndiyo, nadhani amekufa. Akalia. Tukazima, tukalala na huzuni yetu.

Baada ya siku kadhaa akaja mpwa wangu, kijana wa kupenda sinema kuliko chakula. Nikamsimulia jinsi filamu ilivyotuumiza. Akanitazama. "Shangazi, kwani hamkumwona nyangumi?" Nikamwambia tumemwona, amekufa msituni. "Hapana, Shangazi. Baada ya majina. Yuko baharini, anaogelea."

Nilihisi nimeibiwa, sina namna nyingine ya kulisema. Kipande hicho ndicho kinachoamua kama filamu ni ya msiba au ya matumaini, mwongozaji kakiweka pale kwa makusudi, tena akakiweka nyuma ya majina ili akipate mwenye subira. Na mimi nilikuwa na subira! Nilikuwa nimekaa! Aliyekosa subira ni wao.

Wala wasiniambie hawakujua. Tangu Iron Man ya 2008, pale Samuel L. Jackson alipotokea baada ya majina, dunia nzima imefundishwa kutoinuka kitini. Mtoto wa darasa la pili anajua kwamba jina la mwisho likipita huenda kuna kitu. Kampuni ambayo kazi yake ni filamu, na hasa ndiyo kazi yake pekee, haijui?

Baada ya hapo nikaanza kuwachunguza, na niliyoyakumbuka hayakunisaidia kulala. The Zone of Interest, ya Jonathan Glazer, niliiangalia kwao. Hii siyo ya kuangalia na mtoto. Ni familia ya Rudolf Höss, mkuu wa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, nyumba nzuri, bustani ya maua, watoto wanacheza, na ukuta wa kambi uko palepale uani. Hupelekwi ng'ambo ya ukuta kuonyeshwa mauaji. Unasikia tu. Ndiyo maana mwaka 2024 ilipewa Oscar ya sauti, na kama kuna tuzo iliyowahi kwenda kwa mwenyewe ni hiyo. Inaanza kwa skrini nyeusi na muziki, muda mrefu mpaka mume wangu akaenda kukagua waya nyuma ya televisheni. Na inafungwa vilevile, giza na muziki wa Mica Levi, sauti za watu zinapanda, zinapanda, huwezi kusema ni wimbo au ni kilio. Ule muziki ni sehemu ya filamu. Pale ndipo unapotakiwa ukae na ulichokisikia.

Nilikaa nao muda wa kuhesabiwa kwa vidole vya mkono mmoja, likaja pendekezo la vichekesho. "Kwa kuwa umetazama hii." Kwa kuwa nimetazama nini, jamani? Kwa kuwa nimetazama Auschwitz, nicheke kidogo?

Perfect Days nayo, ya yule mzee anayesafisha vyoo vya umma Tokyo, ambayo Koji Yakusho alipewa tuzo ya mwigizaji bora kule Cannes 2023. Filamu tamu, ya polepole, haina haraka na mtu. Ukiiangalia ukiwa umechoka itakupumzisha au itakulaza, yote ni sawa. Mwishoni uso wake unakaa kwenye skrini anaendesha gari, anacheka na kulia kwa pamoja, sijawahi kuona uigizaji wa hivyo. Na baada ya majina kuna maelezo mafupi kuhusu mwanga wa jua unaopenya kwenye majani, kitu ambacho yule mzee anakipiga picha filamu nzima. Niliyaona? Thubutu. Nimeyasoma kwa watu.

Basi nikawaandikia. Huduma kwa wateja, kile kisanduku cha chati. Kwanza nikapokelewa na roboti, akafurahi kwamba nimefurahia Flow, akanipendekezea katuni nyingine zenye paka. Nikaandika "mtu" mpaka akanipa mtu.

Nikaeleza yote kwa adabu, na adabu nilikuwa nayo, nayo ilinigharimu. Jibu: "Ndugu mteja, kipengele hiki kimewekwa ili kuboresha uzoefu wako." Nikaandika kwamba ndugu mteja hakuomba kuboreshewa, ndugu mteja aliomba filamu aliyoilipia, yote, hadi mwisho. Akanyamaza kidogo. Zile nukta tatu zikacheza, zikaacha, zikacheza tena. Halafu: "Samahani, kwani ulikuwa unatafuta jina la nani?"

Nimelirudia swali hilo kichwani nikiosha vyombo, nikiwa njiani, nikiwa nasikiliza watu wengine wanaongea. Kwani ulikuwa unatafuta jina la nani! Utafikiri nimekwenda mochwari. Ndivyo wanavyowafikiria waliotengeneza filamu: huwezi kuwatafuta ila kama ni ndugu zako. Waliochora lile paka unywele kwa unywele, waliomrekodi mtoto wa ngamia, hao ni uchafu wa kufagiwa ili bidhaa nyingine ikae mezani. Mtunzi wa muziki, kwa taarifa yake yule mhudumu, ni Zilbalodis mwenyewe pamoja na Rihards Zaļupe. Hilo ndilo jina nililokuwa nikilitafuta. Nimelipata kwingine.

Nyota moja, basi. Na hiyo moja ni kwa sababu sifuri haipo.

Nikiwa na haki kidogo, niongeze kwamba njia ya kuzima ipo. Haipo kwenye televisheni, ambako ndiko tatizo liliko; unaingia kwenye akaunti kwa kompyuta, unatafuta mipangilio ya uchezaji, unaondoa tiki. Halafu unafanya hivyo tena kwa wasifu wa mtoto, kwa sababu kila mtu ana wake. Ukishaondoa, hesabu ya kurudi nyuma haiji tena, ila picha bado inasinyaa na inabidi ubonyeze juu kisha sawa ili ikue. Ni hatua ndogo. Kwa nini nizifanye mimi, sijui. Na pia nikubali kwamba bila wao katuni ya Latvia isingefika sebuleni kwangu. Mara ngapi umeona ya Latvia ikitangazwa popote? Hilo wanastahili. Nyota mbili pengine.

Tukaiangalia tena Flow, mimi na binti, rimoti nimeishika tangu dakika ya kwanza mithili ya mlinzi wa benki. Tukafika. Giza, majina, nikabonyeza, yakabaki makubwa, yakapita yote. Bahari ikaja. Nyangumi akaibuka, akapumua, akaenda zake. Binti akaruka kwenye kochi akashangilia: steringi hafi!

Mimi, na hapa ndipo ninapokasirika upya, sikushangilia. Nilikaa nikajiuliza kama ile filamu tuliyokatiwa siyo iliyokuwa bora. Ile ya kwanza ilinibana kifua siku kadhaa: nchi imepona, paka amepata wenzake, na aliyemsindikiza kalipa. Hii ya pili inanipa bahari na kuniambia usijali. Kwanza, ni yuleyule kweli? Huenda ni mwingine. Huenda ni kabla ya yote, huenda maji yamerudi, na maji yakirudi paka ndio kwisha habari yake. Binti anasema ni yuleyule, uso wake anaujua, na mjadala umefungwa. Mpwa anasema maana yake mafuriko yanakuja tena. Tumebishana mpaka chai ikapoa.

Kwa hiyo wale watu wa bwawani na makelele yao huenda walinipa mwisho ninaoupenda zaidi. Sipendi hata kuliandika hilo. Lakini kuchagua mwisho siyo kazi yao, ni ya Zilbalodis, na kama ameukosea, ana haki ya kuukosea mbele yangu na skrini nzima.

Flow, nyota tano; ondoa nusu kwa ajili ya nyangumi, halafu irudishe kwa ajili ya jicho lake. The Zone of Interest, usiiangalie usiku ukiwa peke yako, ila iangalie. Perfect Days, subiri Jumapili.

Huduma, narudi kwenye moja. Jana usiku tulikuwa tunaangalia kitu kingine kabisa kwenye wasifu wa mtoto, na ile tiki niliyoiondoa nimeikuta imerudi.