Brashi, rola na rangi: uzoefu wangu wa kupaka nyumba Tanga

Ukiniuliza pesa ya kupaka nyumba ianzie wapi, nitakwambia kwenye brashi na rola. Wengi wananunua rangi ya silki (yenye mng'ao kidogo) ya bei kubwa, halafu wanaokota brashi rahisi kuliko zote dukani. Brashi ile inaacha nywele ukutani, na unywele ukishakaukia kwenye rangi huutoi bila kuharibu kazi.

Yangu ni ya inchi mbili na nusu, nywele za nailoni. Niliichagua kwa mkono: nikazitawanya nywele, nikazivuta, hazikutoka. Nikazipinda, zikarudi zenyewe. Ni ghali kuliko za kawaida, lakini ninapita kando ya dari bila tepu na mstari unanyooka. Brashi za nywele za mnyama nimeziacha kwa rangi ya mafuta ya milango na grili, maana kwenye rangi ya maji hunywa maji na kulegea.

Rola ni ya inchi tisa, manyoya mafupi, kwa kuwa kuta zangu zimepigwa skimu, yaani tabaka jembamba la kulainisha. Ukuta wa plasta yenye mchanga unataka manyoya marefu yafike kwenye vishimo. Fundi aliyenisaidia dari aliikagua akasema, "Dada, hii haitakurushia rangi usoni." Na kweli haikurusha.

Huku Pwani rangi hulaumiwa bure. Unyevu ukipanda ukutani unabeba chumvi, ukikauka unaiacha juu kama unga mweupe, na rangi inababuka. Ile chumvi ipigwe brashi kavu. Ukiiosha, inayeyuka na kurudi ndani. Tafuta kwanza maji yanatoka wapi, acha ukuta ukauke, ndipo upake praima (rangi ya msingi) inayostahimili alkali, ile kemikali kali ya saruji. Plasta mpya mimi huipa wiki nne.

Kuhusu kiasi: chumba cha mita 3 kwa 4, kuta za mita 2.7, ukitoa mlango na dirisha kinabaki na takriban mita 34 za mraba. Lita moja hufunika kama mita 10 za mraba kwenye ukuta laini, kwa hiyo mikono miwili (kupaka mara mbili) ni lita 7 hivi. Makopo mawili ya lita 4 yanatosha. Angalia namba ya bechi (kundi ambalo rangi ilitengenezwa pamoja) ilingane. Zikitofautiana, changanya makopo yote kwenye ndoo moja kabla ya kuanza, la sivyo utaona weupe wa aina mbili. Muulize pia muuzaji kuhusu risasi, yaani ile metali yenye sumu, kwenye rangi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi sehemu 90 kwa milioni, na mwenye watoto nyumbani asione haya kuuliza. Rangi kuukuu usiyoijua usiipige msasa mkavu. Ilowanishe, uvae barakoa.

Utunzaji ndio unaofanya bei ya brashi ilipe. Ninaifuta kwenye gazeti mpaka iache kutoa rangi, kisha maji na sabuni, nikikamua kuanzia kwenye bati linaloshika nywele kushuka kwenye ncha, kwa sababu rangi ikigandia juu nywele hutanuka na mstari unapotea. Naichana, naitundika, haisimamishwi kwenye kopo kwa nywele zake. Ya rangi ya mafuta huanza na tapentaini, halafu sabuni. Nikipumzika kati ya mikono miwili, naifunga rola kwenye mfuko wa plastiki isikauke.

Rangi namimina kwenye kikopo kidogo, sichovyi kwenye kopo kubwa, ili vumbi la ukutani lisiingie. Iliyobaki naichuja kwa soksi ya nailoni, nafuta ukingo, nagonga kifuniko kwa kipande cha mbao, nailaza kivulini na jina la chumba juu yake.

Kitu kimoja sikipendekezi: trei nyembamba za plastiki. Ukiinyanyua imejaa, inapinda katikati na rangi inamwagika sakafuni. Afadhali ndoo pana yenye wavu wa kukamulia rola.