Kinubi cha Kompyuta Kinachozijua Pedali Zake

Ndugu watazamaji, karibuni katika uchambuzi wa vinubi vya kompyuta, yaani programu zinazotoa sauti ya kinubi kutokana na rekodi za kinubi halisi. Leo ninataka kujibu swali moja: ukiwa na kibodi ya midi mezani (kibodi ya muziki inayoiendesha kompyuta), ni kinubi cha aina gani kitakachokuwezesha kupiga arpejio (noti za kodi zikifuatana moja moja) na glisando (kuteleza kwa kasi juu ya nyuzi) ambazo mpiga kinubi mwenyewe atazikubali? Watengenezaji hutangaza ukubwa wa rekodi zao, wingi wa maikrofoni na uzuri wa ukumbi, lakini kwa maoni yangu kipimo cha kwanza ni kujua iwapo programu hiyo inatambua kwamba kinubi kina pedali.

Kinubi kikubwa cha okestra kina nyuzi 47 na pedali 7, moja kwa kila herufi ya noti. Pedali ikiwa juu, nyuzi za herufi yake hutoa flati, yaani noti iliyoshushwa nusu toni (hatua moja ya kitufe jirani). Ikiwa katikati, hutoa noti asilia. Ikikanyagwa hadi chini, hutoa shapu, yaani noti iliyopandishwa nusu toni, na badiliko hilo hugusa karibu oktavu zote kwa pamoja. Fundi wa ala Sébastien Érard aliupatia utaratibu huu hataza mwaka 1810. Matokeo yake ni kwamba kila oktavu ya kinubi ina nyuzi 7, ilhali kibodi yako ina vitufe 12, na hapo ndipo glisando nyingi za kompyuta huharibikia. Ukitelezesha kidole juu ya vitufe vyeupe unapata skeli ya C meja tu. Ukichanganya na vyeusi unapata mfululizo wa nusu toni ambao mkono hauwezi kuupata kwa kuteleza juu ya nyuzi za kinubi cha pedali.

Programu nzuri huvifanya vitufe vyeupe 7 viwe nyuzi 7, kisha hukuachia upange pedali kwenye skrini au kwa vitufe vya mwisho wa kibodi. Chukueni mpangilio huu: D shapu, C asilia, B shapu, E flati, F shapu, G flati, A asilia. Nyuzi ni saba, lakini sauti ni nne, kwa sababu B shapu hulingana na C, D shapu na E flati, F shapu na G flati. Telezesheni kidole sasa, na kodi ya saba iliyopunguzwa (kundi la sauti nne zenye nafasi sawa kati yake) itapanda kutoka besi hadi juu bila noti hata moja ya kigeni, huku sauti zile zinazotoka kwenye nyuzi mbili jirani zikiipa glisando mng'aro wake. Hilo ndilo jambo ninalolipenda kuliko yote katika ala hii, na programu isiyoliwezesha itawalazimu kuandika noti hizo moja baada ya nyingine kwa kipanya.

Zipo pia maktaba za sauti zenye glisando zilizorekodiwa tayari. Zinapendeza, lakini zina kasi yake na skeli yake, kwa hiyo zinafaa tu pale muziki unapoweza kuzingojea.

Kipimo cha pili ni mwangwi wa nyuzi. Piano hunyamazisha waya unapoachia kitufe. Kinubi hakina kifaa hicho, na uzi huendelea kulia mpaka uchoke wenyewe au uguswe kwa mkono. Bonyezeni noti ya besi na kuiachia mara moja: ikikatika ghafla, programu hiyo imeigeuza ala kuwa piano, na mtahitaji kushikilia pedali ya kuendeleza sauti wakati wote. Kisha rudieni noti ileile mara kadhaa. Katika kinubi halisi kidole kinachorudi kwenye uzi huuzima kabla ya kuupiga tena, kwa hiyo mapigo hayapaswi kurundikana. Lakini C na B shapu ni nyuzi mbili tofauti, na zinapaswa kulia pamoja bila kukatana. Ni programu chache zinazolizingatia hili, nami huzithamini sana.

Kuhusu arpejio, kumbukeni kwamba mpiga kinubi hutumia vidole vinne vya kila mkono na huacha kidole kidogo. Arpejio ndefu kwa hiyo hupanda kwa mafungu, noti nne za mkono wa kushoto kisha nne za mkono wa kulia, na mkono mmoja huvuka mwingine ili kuendelea. Msiipangilie kwenye gridi ya mapigo ya programu kwa usawa kamili. Acheni tofauti ndogo ya nguvu mikono inapopokezana, na kidole gumba, ambacho ndicho hupiga noti ya juu ya kila fungu, kipewe uzito kidogo zaidi. Glisando nayo huanza kwa utulivu, hushika kasi, na nguvu yake hukua ikielekea noti ya kufikia.

Mbio za skeli zinahitaji nidhamu zaidi. Mguu wa kushoto husimamia pedali za D, C na B. Wa kulia husimamia E, F, G na A. Kila mguu kwa kawaida hubadilisha pedali moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo mbio za nusu toni kwa kasi kubwa, ambazo programu yoyote itazicheza bila kupinga, zitamfichua mara moja mtunzi asiyekijua kinubi. Andikeni mpangilio wa pedali pembeni mwa kila sehemu ya muziki kabla ya kurekodi.

Uamuzi wangu ni huu: anayehitaji kodi za kuvunjwa polepole nyuma ya vinanda anaweza kutosheka na kinubi cha bure kinachoacha nyuzi zilie. Anayetaka kinubi kisikike mbele anunue chenye mpangilio wa pedali na rekodi kadhaa mbadala za kila uzi, hata kama kina maikrofoni chache, na asiongeze mwangwi wa ukumbi kabla ya kusikiliza besi peke yake, kwa kuwa nyuzi za chini hulia muda mrefu na huchafua kodi inayofuata zisipozimwa.