TAHADHARI: Muuza maua wa guta anayepita Bwiru, Pasiansi na Kirumba

Ndugu zangu wa Mwanza, naandika hapa mikono inatetemeka. Nimetapeliwa 140,000, na kinachoniuma kuliko hela ni kwamba nilimshukuru yule mtu kwa moyo wote, nikampa na maji ya kunywa kwenye glasi ya wageni.

Sehemu ya mbele ya nyumba yangu iko tupu tangu nilipovunja banda, na kuna wageni wa tarehe 20. Nilitaka maua ya kudumu, yale yanayochanua kiangazi chote, siyo ya kupanda leo, miezi miwili unang'oa. Jumamosi asubuhi akapita kijana na guta limejaa waridi, jerania na lavenda, yote yamechanua mpaka majirani wakatoka nje kutazama.

Kwa nini nilimwamini? Nisikilizeni kwanza. Alikuwa na gamboti, kucha zimejaa udongo. Alimwamkia mama yangu barazani kwa Kisukuma, "Mwangaluka mayo," mama akafurahi sana. Hakukimbilia bei. Aliuliza jua la asubuhi linapiga upande gani, akafikicha udongo wangu kiganjani, akasema huu wa kichanga na vijiwe unaifaa lavenda kwa sababu haipendi mizizi yake ituamiwe na maji, ila waridi linataka samadi iliyooza vizuri. Na hayo yote ni kweli! Nimeuliza baadaye, ni kweli kabisa. Mtu anayejua hivyo utamshuku kwa lipi?

Tena mimi mwenyewe nilimwambia nataka kuona mizizi. Nalisema hili kwa sababu dada yangu ananilaumu kwamba sikuwa makini. Nilikuwa makini! Akachukua kiriba kimoja cha jerania, kile kimfuko cha plastiki cha kuoteshea mche, akakichana kwa wembe taratibu, nikaona mizizi myeupe imezunguka udongo wote. Nikasema basi hicho nakichukua. Akajibu, "Hapana mama, hiki kimeshashtuka, nitakupa kizima," akakirudisha kwenye guta, chini ya gunia. Usiku nikilala naiona ile mikono yake inafunika gunia. Kile ndicho kiriba pekee kilichokuwa na mche.

Nikachagua 22 kwa 5,000 kila kimoja. Ndipo akafunua kanga akatoa viwili vya waridi la bluu, bluu ya wino kabisa, 15,000 kimoja, eti ni mbegu ya nje na linachanua mwaka mzima. Nikachukua vyote viwili, nikamtumia hela kwa simu na ya kutolea juu.

Akasisitiza nisipande kabla ya siku tano, yazoee kwanza upepo wa ziwa, na nisishike shina kuvuta, nitakata mizizi. Nikatii. Maji asubuhi, maji jioni. Siku ya tatu vichwa vikainama. Nikampigia, akapokea kwa upole, akasema ni mshtuko tu, ongeza maji. Siku ya nne majani yakaanza kupukutika, nikavuta kimoja. Kikachomoka kirahisi bila hata mzizi mmoja, chini kimekatwa mshazari kwa kisu. Nikavuta cha pili, cha tatu, vyote 24. Ni matawi tu yamechomekwa kwenye tope! Ya bluu nikayavunja, na ndani ya shina nako ni bluu. Ni waridi jeupe lililokatwa likasimamishwa kwenye maji ya rangi mpaka likayanywa. Mama mmoja mwenye kitalu Nyegezi ameniambia hakuna mche wa waridi unaotoa bluu ile. Mama yangu alikuwa ananitazama muda wote huo navuta vijiti. Hakusema neno.

Dalili za kuangalia ni hizi: inueni kiriba mwangalie matundu ya chini, mche ulioshika vizuri huchungulisha vimizizi. Vyake vyote vilikuwa na maua makubwa bila hata jani moja changa linalochipua. Na jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la kike, akasema ni la mke wake. Nilipaswa kusimama hapo hapo.

Huyu mtu akamatwe, apelekwe mahakamani, arudishe hela za kila mama aliyemdanganya, na wenyeviti wa mitaa wasimruhusu kupita na hilo guta lake tena. Asipewe onyo akaachiwa! Anawaharibia riziki wauza miche wa kweli, wanaoamka alfajiri kumwagilia vitalu na kungoja wiki nyingi kijiti kitoe mizizi, ambao sasa kila mteja atawatazama kama wezi.

Tangu Jumatano namba yake haipatikani. Jumatatu saa tatu asubuhi nakwenda polisi na yale mashina nimeyafunga kwenye gazeti. Aliyeuziwa kama mimi aniandikie leo, twende pamoja, na kama hajayatupa aje nayo.