TAHADHARI: BMW M5 E60 inayouzwa ikiwa "haina tatizo hata moja"

Kwa yeyote anayetafuta M5 ya kizazi cha E60, ile ya miaka ya 2005 hadi 2010 yenye injini ya S85 ya silinda 10, tafadhali soma hili kabla hujatoa arbuni.

Kuna wauzaji ambao kazi yao ni kununua M5 zilizowashinda wenyewe, kuziosha hadi zing'ae, kufuta hitilafu kwenye kompyuta, kisha kuziuza kama gari la mtu mtunzaji. Hawahitaji kutengeneza chochote. Wanachohitaji ni gari litulie kwa nusu saa, muda wa wewe kuliendesha na kulipenda. Na gari lenye farasi 507 ni rahisi sana kulipenda ndani ya nusu saa.

Mbinu yao kuu ni kukuonyesha injini ikiwa tayari ya moto. Utaambiwa "nimelisogeza tu nikuwekee nafasi". Usikubali. Injini hii husema ukweli wake ikiwa baridi: mlio wa kukwaruza wa VANOS (mfumo unaorekebisha muda wa kufunguka kwa valvu), kutetemeka, moshi wa dakika ya kwanza. Weka kiganja juu ya boneti kabla ya salamu kwisha. Halafu washa gari na utazame saa ya mizunguko ya injini. Pembeni yake kuna taa ndogo zinazoonyesha mwisho wa mizunguko unaoruhusiwa. Injini ikiwa baridi, taa hizo hushuka chini, kisha huzimika moja baada ya nyingine kadiri oili inavyopata joto, mpaka mwisho unafika mizunguko 8,250 kwa dakika. Ukiambiwa gari halijawashwa tangu jana, na taa zimeshapanda juu, umedanganywa. Ahirisha, urudi asubuhi nyingine bila kutaja saa.

Ugonjwa mkubwa wenyewe ni beringi za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krankishafti, shafti kuu ya injini), ambazo mafundi wengi huziita metali. Nafasi kati ya beringi na krankishafti ni finyu, na oili ya injini hii ni 10W-60, nzito sana ikiwa baridi. Mwenye gari aliyekuwa akilikanyaga kabla halijapata joto amezila beringi hizo kimyakimya. Ukisikia injini inagonga, umechelewa: krankishafti yenyewe huenda imeshachubuka. Kwa hiyo usitegemee sikio. Chukua sampuli ya oili ipimwe maabara, wingi wa risasi na shaba ndio unaokuambia beringi zinalika. Muuzaji mjanja analijua hilo, ndiyo maana utakuta oili imebadilishwa wiki hiyo hiyo. Oili mpya haina ushahidi wowote. Muulize oili ya zamani ilitoka lini na kwa kilomita ngapi, na kama kichujio kilichotolewa bado kipo. Kikunjue karatasi yake kwenye mwanga: chembe za kung'aa kama vumbi la dhahabu au fedha ni sababu tosha ya kuondoka.

Akikuambia beringi zimeshabadilishwa, omba risiti yenye namba ya chesisi na kilomita za siku hiyo. Kazi kamili ni jozi 10, yaani vipande 20, pamoja na bolti 20 mpya, kwa sababu bolti za konrodi hizi huvutika zikikazwa na hazirudiwi. Risiti inayotaja beringi bila bolti ni ya kuhojiwa. Picha za beringi kuukuu mezani hazithibitishi kitu, hizo zinaweza kuwa za gari lolote.

Sasa kuhusu kompyuta. Watu wengi hufurahi mashine ikionyesha hakuna hitilafu. Usiishie hapo, fungua ukurasa wa vipimo vya kujikagua vya mfumo wa moshi. Mtu akifuta hitilafu, vipimo hivyo navyo hurudi mwanzo, na huchukua safari kadhaa kukamilika. Gari lisilo na hitilafu hata moja huku vipimo vingi havijakamilika limefutwa juzi. Mara nyingi kinachofichwa ni mota mbili zinazofungua trotoli (vali za kuingiza hewa kwenye injini), moja kwa kila upande wa injini. Gia zake za ndani huisha, taa ya injini inawaka, na nguvu zinakatika ghafla. Likizimwa na kuwashwa huweza kutulia tena, na hapo ndipo muuzaji anapopata nafasi yake. Jaribu barabarani kwa muda mrefu, na ubonyeze kitufe cha Power, maana gari likiwashwa huanza na farasi 400 tu.

Gia ya SMG, ile inayobadilishwa bila kanyagio la klachi, nayo ina pampu yake ya hidroliki. Fungua mlango wa dereva usikilize: itanguruma kidogo kujaza shinikizo, kisha inyamaze. Ikirudia kunguruma kila baada ya muda mfupi gari likiwa limesimama bila kubadilishwa gia, shinikizo linavuja. Alama nyekundu ya gia kwenye dashibodi usiikubali kwa maelezo ya "ni betri tu" mpaka betri ibadilishwe mbele yako.

Kilomita husomwa sehemu zaidi ya moja. Zimo kwenye dashibodi, zimo kwenye moduli ya CAS (kompyuta inayosimamia ufunguo na uwashaji wa gari), na ufunguo wenyewe huhifadhi. Zisome zote, ufunguo wa akiba pia. Namba zikitofautiana sana, zimechezewa.

Zipo pia 525i na 530i zilizovishwa bampa na beji za M5. Hizi hazihitaji utaalamu: fungua boneti uhesabu silinda, na uangalie spidi mita, ya M5 inafika kilomita 330 kwa saa.

La mwisho ni wale wasio na gari kabisa, wenye picha nzuri na haraka ya arbuni "kuna mteja mwingine njiani". Mwombe video fupi ya simu ikianzia kwenye namba ya chesisi chini ya kioo cha mbele, bila kukatwa, hadi injini baridi inawaka. Asipoweza kuituma leo, usitume pesa.