Uzoefu wangu na kolibaki za comdlg32: kuipanga upya dayalogi ya kufungua faili

Kwa anayeandika programu za Windows kwa C au C++, fanksheni ya kolibaki (fanksheni yako ambayo Windows huiita yenyewe) ya GetOpenFileName, ile inayofungua dayalogi ya kuchagua faili kutoka maktaba ya comdlg32, bado inampa uhuru mkubwa kuliko njia nyingine. Unaweza kuweka picha ya hakikisho ndani ya dayalogi, ukaongeza orodha ya usimbaji wa herufi kama ile ya Notepad wakati wa kuhifadhi, au ukakataa faili isiyofaa kabla dayalogi haijafungwa. Bei yake ni sura. Tangu Windows Vista, ukiweka flagi ya OFN_ENABLEHOOK mfumo hukurudishia dayalogi ya zamani, yenye aikoni tano upande wa kushoto. Watumiaji wataliona hilo mara moja, kwa hiyo pima kwanza kama unachoongeza kinastahili.

Kuiunganisha ni kazi ndogo. Jaza muundo wa data wa OPENFILENAME sifuri tupu, weka lStructSize, elekeza lpfnHook kwenye fanksheni yako, kisha weka OFN_EXPLORER pamoja na OFN_ENABLEHOOK. Ukiiacha OFN_EXPLORER, inafunguka dayalogi ya enzi za Windows 3.1. Fanksheni yenyewe itangazwe UINT_PTR CALLBACK. Kwenye programu ya biti 32, neno hilo CALLBACK likikosekana na wewe ukamnyamazisha kompaila kwa kubadili aina kwa nguvu, staki inavurugika na programu inaanguka mahali pasipohusiana kabisa na dayalogi.

Wengi hukwama kwenye hdlg, kitambulisho cha dirisha kinachoingia kwenye kolibaki. Dirisha unalopokea kwenye kolibaki si dayalogi yenyewe, ni dirisha dogo ambalo mfumo umelitengeneza ndani yake kwa ajili yako. Dayalogi halisi ni GetParent(hdlg). Ukituma ujumbe wa CDM (amri za kuibadilisha dayalogi) kwa hdlg hakuna kinachotokea, wala hupati kosa lolote, ndiyo maana watu hutafuta tatizo kwa muda mrefu. (Kwenye ChooseColor na ChooseFont ni tofauti: huko hdlg ndiyo dayalogi yenyewe.)

Usibadilishe vidhibiti vya mfumo (vitufe, lebo na orodha zake) kwenye ujumbe wa mwanzo, WM_INITDIALOG, subiri ujumbe wa CDN_INITDONE. Hapo mfumo umeshamaliza kupanga vitu vyake. Mfano ninaoutumia kwenye programu za Kiswahili ni kubadili maandishi ya kitufe:

SendMessage(GetParent(hdlg), CDM_SETCONTROLTEXT, IDOK, (LPARAM)L"Fungua");

Lebo ya jina la faili ni stc3, ya aina ya faili ni stc2, zote zimo kwenye dlgs.h. Kuficha kidhibiti ni CDM_HIDECONTROL. WM_INITDIALOG itumie kwa jambo moja: lParam yake ni kielekezi cha OPENFILENAME, basi chukua lCustData (data yako mwenyewe) humo na uihifadhi kwa SetWindowLongPtr. Huna haja ya vigeu vya jumla.

Kukataa faili kunahitaji hatua mbili kwa pamoja. Ukipokea CDN_FILEOK, ujumbe unaokuja mtumiaji anapothibitisha faili, weka SetWindowLongPtr(hdlg, DWLP_MSGRESULT, 1), halafu rudisha 1. Ukifanya moja tu, dayalogi itafungwa na faili mbaya itapita. Ujumbe wa onyo uwe na GetParent(hdlg) kama mmiliki, la sivyo unaweza kujificha nyuma. Na usiruhusu eksepsheni ya C++ itoke nje ya kolibaki. Ikamate humo humo.

Kiolezo chako (maelezo ya vidhibiti unavyoongeza kwenye dayalogi) kiwe na WS_CHILD, WS_CLIPSIBLINGS, DS_CONTROL na DS_3DLOOK. Ukiweka kidhibiti tuli chenye kitambulisho stc32, vitu vya mfumo vitakaa mahali pake, na wewe utaweza kuweka vyako kulia au juu. Usipokiweka, vyako vinashuka chini. Dayalogi yenye kolibaki pia haivutwi kubadili ukubwa mpaka uongeze OFN_ENABLESIZING, na hapo kusogeza vidhibiti vyako ni jukumu lako.

GetOpenFileName ikirudisha sifuri, usidhani mtumiaji ameghairi. Uliza CommDlgExtendedError. Sifuri ni kughairi kweli. 0x3002 mara nyingi ni bafa ya lpstrFile (nafasi ya kumbukumbu ya jina la faili) ambayo herufi yake ya kwanza haikuwekwa sifuri. 0x3003 ni bafa ndogo, jambo la kawaida kwenye OFN_ALLOWMULTISELECT (kuchagua faili nyingi) ukiwa na herufi 260 tu. Mimi huweka 32,768. 0x0006 ni kiolezo kisichoonekana, hasa kikiwa ndani ya DLL huku hInstance, inayosema kiolezo kitafutwe wapi, ikiwa ya programu kuu.

Kama unachohitaji ni orodha kunjuzi au alama ya tiki tu, achana na haya yote. Tumia njia mpya zaidi ya Windows, IFileDialog na IFileDialogCustomize: AddComboBox, AddControlItem, AddCheckButton, zote kabla ya Show. Unabaki na dayalogi ya kisasa, lakini mpangilio ni wa mfumo na picha yako mwenyewe huwezi kuichora humo. Kolibaki zake zinapita kwenye IFileDialogEvents unayoisajili kwa Advise. Kukataa faili ni kurudisha S_FALSE kutoka OnFileOk. Programu mpya naianzia hapa, na comdlg32 naiacha kwa zile zinazohitaji hakikisho lao wenyewe.